Nicheke ao Nisicheke?

Ukipanda ndege ndogo Entebbe kwenda Bunia, unatua karibu saa ileile uliyoondokea. Safari ni ya saa moja na dakika kadhaa, na mkoa wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, uko nyuma ya Uganda kwa saa moja, kwa hiyo muda wote ulioutumia angani unarudishiwa. Mimi niliutumia kuchungulia dirishani. Ziwa Albert lilipita chini yetu, refu na la kijivu, kisha ukuta wa Bonde la Ufa ukainuka ghafla. Ziwa lipo kwenye mita 619 hivi juu ya usawa wa bahari, Bunia ipo kwenye zaidi ya mita 1,200, na katikati imejipanga milima ambayo ramani za Kifaransa huiita Milima ya Buluu. Siku hiyo haikuwa ya buluu hata kidogo. Ilikuwa na mabaka meusi ya nyasi zilizochomwa wakati wa kiangazi, na kwenye kingo za kila baka palikuwa na kijani kibichi kilichoanza kuchomoza. Kijani kile ndicho kilichonitoa Bukoba.

Kazi yangu ni kupiga picha za watoto. Kwetu wananijua kwa ubatizo, komunyo ya kwanza na sherehe za shule za awali. Mwenyeji wangu wa Bunia ana studio ya chumba kimoja, si mbali na soko kuu. Tulifahamiana Kampala, kwenye duka la vifaa vya kamera, tukigombea lenzi moja ya mtumba, na akaipata yeye. Tangu hapo kila Machi alikuwa akiniandikia: kaka, mvua imeanza, njoo uone maua. Alikuwa na lake moyoni. Wiki za kabla ya Pasaka akina mama wa Bunia huwanunulia watoto nguo mpya na kuwaleta studio. Yeye alitaka kuwatoa watoto wale mbele ya ukuta awapeleke mlimani kwenye maua, na alitaka mtu mzima mwenye mvi kidogo wa kumsaidia kuwashawishi mama zao.

Bunia ipo nyuzi moja na nusu tu kaskazini mwa ikweta. Huko hakuna theluji ya kuyeyuka wala miti iliyolala miezi mitatu ikingoja joto. Kinachogawa mwaka ni maji. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hukatika, vumbi jekundu huingia hadi kwenye kopo la chumvi, na nyasi za vilimani huchomwa ili mifugo ipate machipukizi. Mvua za kwanza za Machi zikinyesha juu ya majivu, kila kiazi na kila kitunguu kilichojificha ardhini huamka. Kabla nyasi hazijarefuka zinapatikana wiki chache ambazo maua ya chini yanaonekana bila kuzibwa na kitu. Ikifika Mei, mtoto wa miaka mitatu ukimwingiza kwenye nyasi zilezile itabidi umtafute kwa kumwita. Ulaya wanasubiri Aprili na Mei. Bunia majira yake ya maua ni Machi na nusu ya Aprili, na aliyechelewa amechelewa.

Nilipoingia studio kwa mara ya kwanza nilielewa ugumu wa kazi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa na bango la plastiki lenye picha ya shamba la tulipu: safu nyekundu, safu ya njano, safu ya zambarau, na kinu cha upepo kwa mbali. Uholanzi nzima, katikati ya Ituri. Bango la pili lilikuwa la maghorofa ya Dubai, lakini hilo lilikuwa la vijana. Watoto walisimamishwa kwenye tulipu. Pembeni kulikuwa na kikapu cha maua ya plastiki, kiti cha kifalme cha rangi ya dhahabu, na taa mbili zilizowaka jenereta ilipokuwa na mafuta.

Mama mmoja alikuwa amekuja na binti yake, gauni jeupe, soksi nyeupe, nywele zimesukwa na shanga. Mwenyeji wangu akamweleza habari ya kwenda mlimani. Mama akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema:

"Fotografe, kule mulimani kuko majani tu. Hapa kuko maua."

Hakuna hoja ya kumshinda mtu aliyesema hivyo. Mwenyeji wangu alichofanya ni kutoa simu na kumwonyesha picha ya mwanawe mwenyewe, amechuchumaa, mikono magotini, akilitazama ua jekundu la duara ambalo ukubwa wake ulikaribia kichwa chake. Mama akaishika simu, akaivuta picha ikuzwe, akamtazama mtoto, akalitazama ua.

"Hii ni wapi?"

"Mudzipela."

"Mudzipela hii yetu?"

Tukakubaliana Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kabla ya Jumamosi tulikuwa na kazi ya kuomba ruhusa, na hapa naomba msomaji anayebeba kamera anisikilize vizuri. Ituri na Kivu Kaskazini zimekuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mkoa unaongozwa na jenerali. Ukielekeza lenzi kwenye kambi, kizuizi cha barabarani, daraja, uwanja wa ndege au mtu yeyote aliyevaa sare, umejitafutia mwenyewe. Hata kilima kisicho na kitu kinaweza kuwa na askari upande wa pili. Tulikwenda kwa shefu wa mtaa, tukakaa kwenye benchi, tukaeleza tunakwenda na akina mama gani, watoto wangapi, na tutarudi saa ngapi. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: picha zitakwenda wapi. Tukamwambia zitakwenda kwa mama zao. Akasema basi, hata wajukuu wake waje.

Ndiyo maana siku hiyo tulipanda na msafara mrefu kuliko tuliouandaa. Akina mama wawili watatu kwa kila pikipiki, watoto katikati, nguo za Pasaka zimefungwa ndani ya vikwembe zisije zikapata tope. Kule mtu akisema kikwembe ujue ni kitenge chetu. Watoto walivikwa huko juu, chini ya mti, wakageuka kutoka watoto wa nyumbani kuwa mabibi na mabwana wadogo wasiojua waweke wapi mikono.

Sasa niseme juu ya maua yenyewe, kwa sababu ndiyo niliyoyafuata na ndiyo yaliyonipa kazi. Lile jekundu la duara wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Huchomoza na mvua za mwanzo, shina moja, kichwa kimoja chenye vijiua vyembamba vingi vilivyoelekea kila upande. Kwenye picha hakuna linaloshindana nalo. Lakini kitunguu chake ni sumu, na sehemu nyingine za Afrika kimetumika kutia sumu mishale. Jirani yake anayepanda juu ya vichaka, gloriosa, mwenye petali za njano na nyekundu zilizopindwa kurudi nyuma, ni mbaya zaidi: sumu yake, kolchisini, imo katika kila sehemu ya mmea, na ya kwenye kiazi inaua. Mtoto wa miaka miwili humjui mpaka umemwona akilipeleka ua kinywani. Tukaweka sharti: maua haya mawili mtoto anasimama nayo, hayashiki, na mama yake yupo umbali wa mkono mmoja.

Ya kuchezea yalikuwepo. Maua ya njano ya Aspilia africana, jamii ya alizeti, ambayo majani yake wakulima wa nchi nyingi za Afrika huyasugua kwenye jeraha ili damu isimame. Thunbergia alata ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi katikati, ambayo bustani za Ulaya huinunua kwa mbegu na kumbe asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Na yale madogo ya buluu ya Commelina, ambayo hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya adhuhuri. Hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko yote, kwa sababu yalitupangia ratiba. Anayetaka buluu awahi.

Mtu aliyezoea kusoma vitabu vya upigaji picha vya Ulaya atafika Bunia akitafuta ile saa ya jua la dhahabu. Ataipata, lakini haifiki saa moja. Karibu na ikweta jua halipandi kwa mshazari. Hupanda wima, nyuzi 15 kila saa, na baada ya dakika arobaini hivi dhahabu imekwisha. Siku za katikati ya Machi ni ngumu zaidi. Tarehe 20 au 21 jua hupita juu kabisa ya ikweta, na siku chache baadaye hupita juu kabisa ya Bunia. Saa sita mchana unasimama juu ya kivuli chako mwenyewe, na mtoto ukimpiga picha wakati huo macho yake yanageuka mashimo mawili meusi chini ya paji la uso.

Dawa ya kienyeji ipo. Mwenyeji wangu alikuwa na gunia jeupe la unga alilolipasua na kulitandika juu ya fremu ya mbao. Mama mmoja alilishika chini, mbele ya mtoto, mwanga ukaruka kutoka kwenye gunia kwenda usoni. Nimenunua vifaa vya bei kubwa visivyofanya kazi hivyo. Na mawingu yakitanda baada ya mvua, usirudi nyumbani. Wapigapicha wengi hufunga mikoba yao wakati huo, ilhali ndio mwanga bora kuliko wote: laini, umesambaa, haukunji uso wa mtoto, na rangi za maua zinajaa.

Kuna jambo la ngozi pia. Kamera ikiona maua ya njano yanayong'aa na uso mweusi katikati yake, hupima mwanga wa maua na kuuacha uso gizani. Lazima wewe mwenyewe uongeze mwanga, hatua moja au zaidi kidogo, na uyaache maua yapauke kama yanataka kupauka. Filamu za rangi zilikuwa mbaya kuliko hapo. Kwa miongo mingi Kodak iligawa kwa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ikiitwa Shirley, na rangi zote zikarekebishwa kufuata ngozi yake. Ngozi yetu ikawa kazi ya ziada. Malalamiko yaliyosikilizwa mapema, inasimuliwa, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Leo simu za Tecno na Itel zilizojaa mikononi mwa vijana wa Bunia zinatoka kwa kampuni ya Shenzhen, Transsion, iliyojipatia soko Afrika kwa kufanya, pamoja na mengine, lile ambalo wakubwa hawakulijali: kamera inayoiona ngozi nyeusi. Mama mwenye simu ya bei rahisi siku ile alipata uso wa mwanawe vizuri kuliko kamera yangu ilivyoupata kabla sijaigusa vitufe.

Basi kazi ikaanza. Mtoto mdogo haambiwi cheka. Ukimwambia cheka atakuonyesha meno, na meno si kicheko. Nilimwambia kila mmoja anitafutie ua la buluu, nami nikalala chini kifudifudi, kamera usawa wa maua, nikangoja. Binti wa gauni jeupe alilipata, akalitazama kwa muda mrefu, akalipulizia. Picha ile ipo. Mama yake, yule wa tulipu, hakuwa anaitazama. Alikuwa anatazama pindo la gauni, ambalo lilikuwa limejaa vijisindano vyeusi vya kishonanguo kuanzia magotini hadi kwenye soksi.

"Foto ni nzuri," alisema, akivichomoa kimoja kimoja, "lakini nguo ni ya Pasaka!"

Wajukuu wa shefu walitupatia jambo lingine. Walikuwa watatu, tumewapanga juu ya kichuguu kilichopasuka, wa katikati ameshika shada, ghafla wa kushoto akainua mguu. Kisha wa kulia. Kisha wote watatu wakawa wanaruka, wanajipiga mapajani, shada limerushwa juu, na mama yao anakimbia akipiga kelele, "Siafu! Siafu!" Baada ya mvua siafu huhama, na njia yao ilipita palepale. Tuliwavua watoto nguo, tukawasafisha, mmoja akalia, wawili wakacheka. Mwenyeji wangu, ambaye ana moyo mgumu wa kazi, hakuwa ameacha kubonyeza. Wiki iliyofuata mama alipooneshwa picha zote alichagua hiyo: watoto watatu hewani, maua hewani, hakuna mguu hata mmoja uliogusa ardhi. Shefu mwenyewe aliomba nakala ya pili.

Miongoni mwa waliokuja alikuwapo mama kutoka Kigonze, ukingoni mwa mji, kambi ya watu waliokimbia mauaji yaliyoanza upya katika wilaya ya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Alikuwa amesikia sokoni. Alikuja na watoto wawili, mvulana wa miaka kama saba na mdogo wake mgongoni. Nguo zao hazikuwa mpya lakini zilikuwa zimepigwa pasi. Pasi ya makaa, kwenye kambi ya maturubai, ni kazi ya makusudi. Mvulana akasimama nilipomwonyesha, kwenye maua ya njano, mikono imenyooka. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeijua shughuli:

"Papa, nicheke ao nisicheke?"

Sikumwelewa. Mama yake ndiye aliyenieleza. "Bale ba kamera kubwa banakuyaka kule kambini, banawaambiaka basicheke."

Alisema bila hasira, kana kwamba ananieleza bei ya samaki. Watu huja na kamera kubwa, wanataka uso wa huzuni, mtoto amejifunza. Nikamwambia mvulana afanye anavyotaka. Akafikiri. Akaamua kutocheka, akanyoosha kidevu, akanitazama kama mkuu wa shule. Hiyo ndiyo picha aliyoitaka.

Nimelifikiria sana swali la mtoto yule, kwa sababu nchi yake imepigwa picha na wageni tangu kamera ilipoweza kubebwa. Mwaka 1904, huko Baringa, magharibi ya mbali, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake, masalio aliyoachiwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilisaidia kumwondoa Mfalme Leopold kwenye mali yake ya Kongo, na sitamlaumu aliyeipiga. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang wa jumba la makumbusho la New York alizunguka kaskazini mashariki mwa Kongo na kurudi na maelfu ya picha, wanyama na watu pamoja. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na wanamgambo kuugombea mji wa Bunia, walikuja waandishi wa dunia nzima, na uso wa Ituri ukawa uso wa kadogo: mtoto, bunduki, kofia kubwa kuliko kichwa. Hata mahakamani picha zilifuata. Katika kesi ya kiongozi wa wanamgambo Thomas Lubanga huko The Hague, majaji walitazama video iliyochukuliwa Februari 2003 kwenye kambi ya mafunzo ya Rwampara, jirani kabisa na mji huu, wakizichunguza sura za walioonekana humo ili waone kama wapo wa chini ya miaka 15. Lubanga alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 na kufungwa miaka 14.

Picha hizo zilikuwa na kazi yake, na nyingine ziliifanya vizuri. Ninachouliza mimi fundi ni kidogo tu: nani alimpelekea mama nakala?

Siku nyingine, mwenyeji wangu alipopata dereva anayeiamini njia, tulikwenda Bogoro, kilomita kama 25 kutoka mjini kwa barabara ya Kasenyi. Kilichotupeleka ni mteremko: baada ya Bogoro ardhi inaanguka kuelekea ziwani, na asubuhi yenye anga safi unapata maua mbele na maji nyuma. Msomaji huenda analijua jina la Bogoro kwa sababu nyingine. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hiki kilishambuliwa alfajiri na watu wakauawa mpaka ndani ya shule walikokimbilia. Kamanda wa wanamgambo Germain Katanga alitiwa hatiani huko The Hague mwaka 2014 kwa kushiriki katika uovu ule, na Machi 2017 mahakama iliamuru wahanga 297 wapewe fidia ya ishara ya dola 250 kila mmoja, pamoja na fidia ya pamoja.

Tuliwapiga picha watoto wa jamaa za dereva. Mama yao mkubwa, ambaye wote walimwita tate, alikataa katakata mtoto mchanga wa wiki chache kupigwa picha. Alisema mtoto hajakomaa kutazamwa na jicho asilolijua. Hatukubishana. Hao wakubwa walikimbia kwenye maua kwa kupokezana, na tate akawa mkali wa mpangilio kuliko mimi: huyu avae kofia, yule afute pua, nyinyi msikanyage mimea. Nilipomwuliza kama ana picha yake ya utotoni, aliniangalia kama mtu aliyeuliza habari za mwezini. Zilikuwepo za mumewe na za watoto wa kwanza, akasema, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, ndani ya nyumba. Nyumba ikaungua.

Hilo nililisikia tena na tena Ituri, na ndilo lililonionyesha kwa nini akina mama wale walikuwa tayari kupanda mlima na viatu vya ibada. Nyumba ikichomwa, watu huhesabu ng'ombe, mabati, mashine ya kusagia. Picha hazihesabiwi, lakini mama anajua. Yule wa Kigonze alisema kuhusu mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla ya vita: "Ya mukubwa wao sina hata moja." Akaongeza kwamba mvulana anafanana naye, kwa hiyo picha ya huyu itabidi itoshe kwa wote wawili.

Kwa sababu hiyo mwenyeji wangu hufanya kazi yake mara tatu. Huchapa picha kwenye karatasi, sentimita 10 kwa 15, na mashine yake ndogo umeme unapokubali. Huituma kwa WhatsApp kwenye simu ya mama. Kisha humwuliza mama ana ndugu gani Kampala, Arua au Kisangani, na humtumia na huyo. Nyumba mbili zikiungua, ya tatu inayo. Hakufundishwa na mtu. Ni mkimbizi wa zamani mwenyewe. Malipo ni faranga za Kongo, au dola kama ni nzima kabisa, maana dola yenye mpasuko wa upana wa ukucha hakuna atakayeipokea mji mzima. Wa Kigonze alilipa nusu, na nusu nyingine iliandikwa kwenye daftari ambalo, kwa jinsi nilivyoliona, lina kurasa nyingi za nusu nyingine.

Mama wa gauni jeupe alirudi studio kuchukua zake. Aliziangalia moja moja mlangoni, kwenye mwanga, bila kusema. Picha ya ua la buluu akaipitia, ya ua jekundu akairudia mara mbili. Kisha akaomba binti yake apigwe na nyingine palepale, kwenye tulipu, ili bibi yake wa Aru asidhani kwamba wamekosa pesa ya studio. Mwenyeji wangu akawasha taa. Nikamshikia gunia.

Mtu akiniuliza lini aende, nitamwambia wiki ya pili baada ya mvua ya kwanza kubwa ya Machi, kwa ndege na si kwa barabara mpaka hali itengemae, na aanzie kwa shefu. Avae suruali ndefu kwa ajili ya siafu na kishonanguo. Mimea yenye sumu aijue kabla ya watoto kufika. Lenzi ndefu haina kazi kubwa huko. Magoti yana kazi zaidi. Na kwa yeyote mwenye kamera, wa shirika, wa gazeti au wa ubatizo kama mimi, nina ombi moja: kama umempiga picha mtoto wa Ituri, hata kama ni wa habari, hata kama hana kicheko, chapa moja ya ziada na umpe mama yake kabla hujapanda ndege. Karatasi haizidi bei ya soda.